Sauti Juu ya Picha: Kazi ya Mtayarishaji wa Filamu na Suala la Lugha katika Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi

Historia ya filamu katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata picha: nani alipigwa picha, mahali gani, na kwa nia ya nani. Sauti iliyoambatana na picha hizo haijapewa uzito unaostahili, ingawa kwa mtazamaji wa Iringa au Mbeya ndiyo iliyomwambia anachokitazama ni nini. Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi ya Meja L. A. Notcutt, aliyesimamia utayarishaji wa filamu Tanganyika kati ya mwaka 1935 na 1937, na kuihusisha na mazingira ya lugha ya Nyanda za Juu Kusini. Inadaiwa humu kwamba mtayarishaji ndiye anayeamua, kabla ya mpiga picha na kabla ya mwigizaji, filamu itasema lugha gani na kwa kinywa cha nani. Uamuzi wa Notcutt kuhusu jambo hilo ulitokana zaidi na hesabu ya fedha kuliko na nadharia yoyote ya lugha, lakini matokeo yake ni ya kiisimu. Kwa ulinganisho, itaangaliwa kwa ufupi kazi ya mtayarishaji wa Kifaransa, Pierre Braunberger, aliyekabiliwa na suala lilelile miaka ishirini baadaye akalipatia jibu jingine.

Neno lenyewe linahitaji maelezo. Katika Kiswahili cha leo, mtayarishaji wa filamu hutofautishwa na mwongozaji: wa kwanza hutafuta fedha, huchagua mada, huajiri watu na kuhakikisha kazi inawafikia watazamaji, wa pili husimamia uigizaji na upigaji wa picha. Hata hivyo, mpaka huo haujatulia. Vijana wa muziki wa kizazi kipya wanaposema prodyuza humaanisha fundi wa studio anayetengeneza mdundo, na katika filamu nyingi za video mtu mmoja hutajwa kuwa mtayarishaji, mwongozaji, mtunzi na hata mwigizaji mkuu. Notcutt hakuitwa mtayarishaji. Cheo chake kilikuwa mkurugenzi wa kazi za nyanjani. Lakini majukumu aliyokuwa nayo, yaani bajeti, mitambo, wafanyakazi, ratiba na ubora wa kazi iliyokamilika, ni yale ambayo istilahi ya Kiswahili humpa mtayarishaji, na kwa maana hiyo ndivyo atakavyoitwa humu.

2.0 Kutoka Shamba la Mkonge hadi Vugiri

Notcutt hakuingia katika filamu kupitia sanaa. Mwaka 1926 alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na fikira yake ya kwanza ilikuwa kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na kubaki kazini. Asili hiyo haipaswi kusahauliwa. Filamu aliyoiwazia ilikuwa chombo cha mwajiri kabla haijawa chombo cha mwalimu. Baadaye, akiwa Uingereza, alijishughulisha na mbinu za kutengeneza filamu zenye sauti kwa gharama ndogo, na ujuzi huo ndio uliomfanya awe mtu wa kufaa pale fedha zilipopatikana.

Fedha hizo zilitoka mbali. Mwaka 1932, J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni aliongoza uchunguzi kuhusu athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini kwa maisha ya Waafrika, na matokeo yakachapishwa mwaka 1933. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni haja ya burudani na elimu kwa watu waliong'olewa vijijini mwao na kuwekwa katika kambi za migodi. Sinema ilionekana kuwa jibu mojawapo. Shirika la Carnegie la New York likatoa msaada mkubwa, na Machi 1935 likaanza Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Davis alikuwa mkurugenzi, G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, alishika upande wa elimu, na Notcutt alishika utayarishaji. Kazi ilikoma Mei 1937. Katika muda huo, miaka miwili na kitu, zilitengenezwa filamu 35.

Mada zake zinaonyesha ni nani aliyekuwa akizungumza: kodi, mmomonyoko wa udongo, safura, malaria ya watoto wachanga, mafunzo ya wasaidizi wa mifugo, mashamba ya wakulima wadogo Kingolwira karibu na Morogoro. Filamu moja kuhusu benki ya akiba ya posta ilikuwa na kisa kamili: mfanyakazi mmoja anafukia mshahara wake ardhini na kuibiwa, mwenzake anapeleka wake posta na kufaidika. Waigizaji walikuwa Waafrika, na baadhi ya kazi za mitambo zilifundishwa kwa Waafrika pia, jambo ambalo Notcutt alilitetea kwa sababu ileile ya gharama. Kwa namna fulani Vugiri ilikuwa karakana ya kwanza ya filamu katika nchi hii, ingawa wengi wa waliofanya kazi humo hawajulikani kwa majina.

3.0 Santuri na Kipaza Sauti

Uamuzi wa kiufundi ulio muhimu kuliko yote ulihusu sauti. Filamu za kibiashara za miaka ile zilitumia mkanda wa milimita 35, sauti ikiwa imechapwa pembeni mwa picha kwenye mkanda huohuo. Notcutt alichagua mkanda wa milimita 16 usio na sauti, na sauti yake akaiweka kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha. Mkanda mwembamba ulikuwa rahisi kununua, rahisi kusafirisha kwa lori, na haukuhitaji mitambo mikubwa. Ulinganishaji wa santuri na picha ulikuwa na matatizo yake: mkanda ukikatika na kuunganishwa, picha hukimbia mbele ya maneno. Ubora wa picha na sauti ulilaumiwa, na lawama hizo zilichangia serikali za makoloni kukataa kuendelea na mradi.

Lakini kwa mwanaisimu, kasoro hiyo ya ufundi inafungua jambo la maana. Picha na sauti zilikuwa vitu viwili vinavyotenganishika. Mkanda mmoja ungeweza kubeba santuri ya Kiswahili Tanganyika, ya Kinyanja ng'ambo ya mpaka, ya Kibemba kwenye Ukanda wa Shaba, ya Kiganda Uganda. Pale ambapo santuri ya lugha ya mahali haikuwapo, mtu alisimama na kipaza sauti akaeleza. Picha ilibaki ileile. Filamu ilibadilika kila ilipovuka mto. Hakuna mtayarishaji wa Hollywood wa wakati ule aliyekuwa na uhuru huo, na ni shaka kama Notcutt mwenyewe aliutambua kwa ukamilifu. Aliona njia nafuu ya kuwafikia watu wa lugha nyingi. Hakuona, au hakutaka kusema, kwamba alikuwa amempa msemaji uwezo wa kutunga filamu upya.

Tofauti kati ya santuri na msemaji wa papo hapo inastahili kusisitizwa. Santuri haisubiri. Inasema sentensi yake hata kama watu wamecheka, wamepiga kelele au wamegeuka kumtazama mtoto anayelia. Masimulizi ya Kibantu, kinyume chake, yamejengwa juu ya kuitikiana: mtambaji huita, wasikilizaji huitika, na hadithi haisongi mpaka mwitikio upatikane. Msemaji mwenye kipaza sauti aliweza kufuata desturi hiyo. Aliweza kurudia, kuuliza, kutaja kijito kilicho karibu, kumfananisha mwizi wa kwenye picha na mtu wa aina inayojulikana kijijini. Kwa maneno mengine, santuri ilileta hotuba na kipaza sauti kilileta utambaji. Wasimamizi wa Vugiri waliyaweka yote mawili chini ya jina moja la maelezo, na historia nyingi za filamu zimewafuata katika hilo.

4.0 Nyanda za Juu Kusini kama Hadhira

Latham alizungusha filamu hizo kwa lori Tanganyika na hadi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kwa gari lililotoka Usambara kwenda huko katika miaka hiyo, njia ya maana ilikuwa Barabara Kuu ya Kaskazini, inayopita Dodoma, Iringa na Mbeya kabla ya kufika mpakani Tunduma. Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo, hazikuwa pembezoni mwa mradi. Zilikuwa kwenye uti wake wa mgongo, kati ya mashamba ya mkonge alikoanzia Notcutt na migodi ya shaba alikoanzia Davis.

Hali ya lugha huko ilikuwa na utata kuliko ilivyochukuliwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikuwa umekubali Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi chini ya ukatibu wa Frederick Johnson. Filamu za Vugiri zilizaliwa ndani ya miaka hiyo ya usanifishaji. Kwa serikali, Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wa chini na ya shule za awali, na kwa hiyo kilikuwa lugha ya filamu. Lakini nyumbani watu walisema Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisangu, Kisafwa, Kinyiha, Kindali na Kinyakyusa. Wamoravia na Waberlin, waliofika kwa Wanyakyusa mwaka 1891, walikuwa wamekijenga Kinyakyusa kuwa lugha ya ibada na kusoma. Si ajabu kwamba watafiti waliokuwa huko wakati uleule hawakutegemea Kiswahili peke yake: Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti Rungwe hadi mwaka 1938, wakijifunza Kinyakyusa, na G. Gordon Brown pamoja na Bruce Hutt, ofisa wa wilaya, walichapisha mwaka 1935 kitabu chao kuhusu Iringa ambacho kiini chake ni namna mtawala anavyoweza kuwauliza Wahehe maswali na kuelewa majibu. Wakati wanaanthropolojia wanasita mbele ya lugha, lori la sinema lilipita.

Inafaa basi kuuliza ni nani aliyesikia. Kundi la kwanza ni la wanaume waliowahi kufanya kazi mbali. Wabena wengi walikwenda kwenye mkonge wa Tanga kwa mikataba, wale walioitwa manamba. Wanyakyusa walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na wengine walivuka hadi kwenye shaba. Hawa walirudi na Kiswahili cha kambini, chepesi na cha haraka, ambacho hakikuwa kile cha Kamati ya Lugha lakini kilitosha kufuata kisa. Kwao filamu ya benki ilikuwa habari ya maisha yao wenyewe: mshahara, kibanda, mwizi, safari ya kurudi. Kundi la pili ni la wanafunzi na waalimu, watu wa shule kama Malangali, ambayo W. B. Mumford alikuwa ameifanya mahali pa jaribio jingine la elimu mwishoni mwa miaka ya 1920. Hawa walikijua Kiswahili cha vitabu.

Kundi la tatu ndilo kubwa, nalo ndilo lililoachwa. Wanawake na wazee hawakwenda mkongeni wala Lupa. Kiswahili chao, pale walipokuwa nacho, kilikuwa cha sokoni na cha bomani. Sasa ichukuliwe filamu ya malaria ya watoto wachanga. Mlengwa wake ni mama. Kama ilisemwa kwa Kiswahili cha santuri kule Rungwe au Mufindi, ilisemwa kwa lugha aliyoijua mumewe kuliko yeye, kuhusu mtoto aliyemjua yeye kuliko mumewe. Picha ya mbu na chandarua ingeweza kuonekana. Uhusiano wa sababu na tokeo kati ya mbu na homa hauonekani kwa macho. Huo hubebwa na viunganishi: kwa sababu, ndipo, ijapokuwa, mpaka. Ni sehemu hizo za sarufi, wala si nomino, ambazo msikilizaji wa lugha ya pili huzikosa kwanza. Mara nyingi watayarishaji wa filamu za elimu walimlaumu mtazamaji wa Kiafrika kuwa hawezi kuunganisha picha moja na nyingine. Lawama hiyo ilirudiwa sana na watu wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni baada ya mwaka 1939, na ikawa karibu kanuni. Haikuulizwa kama aliyekosa kuunganisha ni macho au ni sikio lililonyimwa kiunganishi.

Msamiati nao ulikuwa na mitego yake. Neno homa katika Kiswahili hubeba joto lolote la mwili, hivyo kusema homa hii huletwa na mbu ni kubagua kitu ambacho neno halikibagui. Safura ni neno la pwani lenye asili ya Kiarabu, na mtu wa bara aliyesikia jina hilo alihitaji kwanza kuelezwa kuwa ni ugonjwa. Mfano ulio mzuri kuliko yote ni akiba. Kwa mkulima, akiba ni kitu kilichowekwa kando na kufichwa: nafaka ghalani, mbegu juu ya moto, fedha chini ya sakafu. Mtu wa kwanza katika kisa cha benki, yule anayefukia mshahara wake, ndiye hasa anayeweka akiba kwa maana ya kawaida ya neno. Filamu inamwita mpumbavu. Inataka neno lilelile limaanishe kumkabidhi karani asiyejulikana fedha zako na kupewa kijitabu. Santuri haikuweza kufanya zaidi ya kulitamka neno akiba na kupita. Msemaji mwenye akili angeweza kusimama hapo, akaeleza kwamba posta ni ghala la mbali, na kwamba ufunguo wake ni kile kijitabu. Tofauti kati ya filamu iliyoeleweka na isiyoeleweka ingeweza kuwa katika sentensi hiyo moja, na mwenye sentensi hiyo hakuwa Notcutt.

5.0 Ulinganisho: Braunberger na Sauti ya Mwigizaji

Katika makoloni ya Ufaransa njia ilikuwa nyingine. Amri ya mwaka 1934, inayojulikana kwa jina la waziri Laval, iliweka upigaji wa filamu chini ya kibali cha serikali, na Waafrika wa makoloni hayo wakazuiwa kwa vitendo kujipiga picha kwao wenyewe. Filamu ya Paulin Vieyra na wenzake ya mwaka 1955, inayotajwa mara kwa mara kama mwanzo wa sinema ya Waafrika wa lugha ya Kifaransa, ilipigwa Paris.

Pierre Braunberger, aliyezaliwa Paris mwaka 1905 na kufariki mwaka 1990, alikuwa mtu wa biashara ya sinema tangu ujana wake. Alitayarisha filamu za Jean Renoir, zikiwemo La Chienne ya mwaka 1931 na Partie de campagne iliyopigwa mwaka 1936, na baada ya vita kampuni yake, Les Films de la Pléiade, ikawa mlango wa waongozaji vijana ambao wengine waliwaona kuwa hasara. François Truffaut alikuwa mmoja wao. Miongoni mwa aliowashika mkono alikuwa Jean Rouch, mwanaanthropolojia aliyepiga picha Niger na Ivory Coast. Kwa mtayarishaji, Rouch alikuwa tatizo lililofanana na la Vugiri: alirudi na mikanda ya milimita 16 isiyo na sauti, kuhusu watu wa lugha nyingi, bila fedha za kutosha.

Filamu ya Moi, un noir, iliyokamilika mwaka 1958 na kupata tuzo ya Louis Delluc, ilipigwa Treichville, mtaa wa Abidjan, ikiwafuata vibarua waliotoka Niger. Hawa ni ndugu wa manamba kwa kila maana isipokuwa ya jiografia. Picha zilipokwisha kuunganishwa, Oumarou Ganda, mmoja wa wahusika wakuu, alionyeshwa filamu akaombwa aseme chochote anachotaka juu yake. Akasema: alijieleza, alijitania, alikumbuka vita vya Indochina. Sauti iliwekwa juu ya picha baadaye, kama Vugiri, kwa sababu ya ukata uleule. Lakini iliyowekwa ni ya yule aliyemo ndani ya picha. Braunberger, aliyeweza kudai sauti ya msomi wa Paris iliyozoeleka katika filamu za safari, aliikubali hiyo na kuipeleka sokoni.

Isisemwe zaidi ya inavyostahili. Ganda alizungumza Kifaransa, si Kizarma, kwa sababu soko la mtayarishaji lilikuwa la Kifaransa, na lugha ya mama haikupata nafasi zaidi ya ile iliyopewa Kinyakyusa kwenye lori la Latham. Kilichobadilika ni mwenye usemi, si lugha. Hata hivyo Ganda alitoka humo akawa mwongozaji mwenyewe, na filamu yake ya Cabascabo ilikuja miaka kumi baadaye. Vugiri haikumtoa Ganda wake. Hilo haliwezi kuelezwa kwa upungufu wa vipaji, maana mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilipotengeneza filamu za Kiswahili Tanganyika, mwigizaji aliyetokeza katika Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu.

6.0 Msimuliaji wa Banda la Video

Filamu za Vugiri zimepotea karibu zote. Kati ya 35, zinazojulikana kuhifadhiwa katika taasisi ya filamu ya Uingereza ni tatu, ile ya Kingolwira ikiwemo. Simulizi kuu ya mradi ni kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa na Notcutt na Latham mwaka 1937. Wasemaji wa Kiswahili hawakuandika chao.

Lakini utaratibu wa sauti juu ya picha haukufa. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilishika uingizaji na usambazaji wa filamu, na kwa miaka mingi mtazamaji wa mikoani aliangalia filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zisizo na neno la Kiswahili. Video ilipoenea, mabanda yalifunguliwa mjini Mbeya, Iringa, Tunduma na kwenye vituo vya barabara ileile kuu, na ndani yake akazaliwa msimuliaji. Anayefahamika kuliko wote ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kanda zake zikauzwa nchi nzima. Mbinu yake, kwa macho ya mtafiti wa lugha, ni ile ya kipaza sauti cha mwaka 1935 na si ya santuri. Sauti ya asili hushushwa; msimuliaji huwataja wahusika, huwakejeli, huingiza methali, hueleza desturi ya nchi ya kigeni kwa kuilinganisha na ya hapa, na mara nyingine huzua mazungumzo ambayo filamu haikuyasema. Watazamaji huenda kumsikiliza yeye. Filamu isiyosimuliwa huhesabiwa kuwa bado haijawa tayari.

Msamiati wa sheria haujui namna ya kumweka. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tafsiri ya kazi huhitaji idhini ya mwenye haki, na kwa kipimo hicho msimuliaji ni mvunjaji. Kwa kipimo cha istilahi iliyotolewa mwanzoni mwa makala haya, yeye huchagua kazi, huitengenezea sauti, huigharimia na kuifikisha kwa hadhira, na hivyo ana zaidi ya nusu ya sifa za mtayarishaji. Lugha ya mtaani humwita DJ, jina lililoazimwa kutoka kwa mchezesha santuri. Kanda yake huanza kwa namna ambayo haikujulikana Vugiri: kabla ya picha kusogea, msimuliaji hujitaja jina.